Jina la Kuazima

Tuliokuwa ndani ya gari siku ile ni hawa. Kwanza Salum Hamisi, mwenye gari, mtu wa Bunda, ambaye babu yake alikuwa fundi cherehani nitakayemtaja mbele. Wa pili ni Nyabise Magesa, mama wa makamo, mwuza dagaa pale Mwigobero mjini Musoma. Wa tatu ni baba yake Nyabise, Magesa Mafuru, mvuvi wa Kiriba, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba na daktari alikuwa amemkataza chumvi. Wa nne ni mimi, Bwire Maregesi, mwalimu mstaafu. Baba yangu Maregesi na baba yake Magesa, mzee Mafuru, walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo kwa desturi yetu mimi na Magesa si binamu. Ni ndugu.

Nimeanza na majina kwa sababu kuyaita ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kila asubuhi, mbele ya watoto waliosimama mstari. Tena kwa sababu katika majina hayo niliyoyataja, mawili hayako mahali pake.

Safari aliitaka Magesa mwenyewe. Alikuwa amehamia kwa bintiye mjini Musoma ili awe karibu na hospitali, na siku moja alinipigia simu. "Mwalimu," alisema, maana hata yeye huniita hivyo, "nataka kuzunguka kidogo. Twende Bunda, halafu tupite kwetu Butiama. Miguu bado inanisikia." Sikumwuliza anataka kuona nini. Nadhani nilijua, ndiyo maana sikuuliza.

Tulitoka Musoma asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Magesa alikaa mbele, kiti kimerudishwa nyuma ili miguu ipate nafasi, na tangu tulipouacha mji alikuwa akinyoosha kidole huku na huku. Pale palikuwa na duka la Mhindi aliyekuwa akiuza nyavu. Pale alimwagikiwa na maziwa ya watu akalala njaa. Salum alicheka, akamwambia, "Mzee, wewe kila mahali una kesi." Magesa akamjibu kwa lile neno letu la kumwita kijana, "Mura, mimi sikukaaga na kesi. Kesi ndizo zilikuwaga zinanitafuta."

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu chini ya vilima vya Butiama, palikuwa na mwamba ambao haukuruhusiwa kusikia jina la mtu. Una jina lake katika lugha yetu, nami ninalijua, lakini sitaliandika, kwa kuwa bibi yetu Nyangeta alilikataza na sijawahi kulitamka. Ni jabali refu, limepasuka katikati, na mbele yake kuna bonde dogo walikopita mbuzi kwenda malishoni. Ukipaza sauti bondeni, mwamba unakuitikia. Wakubwa walisema kwamba aliyemo ndani yake hana jina, na kwa kuwa hana, hulitamani la mwenziwe. Ukimwita mtu pale kwa jina lake, mwamba unalitwaa, unalirudia-rudia mpaka unalijua. Kisha humwita mwenye jina, kimya kimya, naye hufuata.

Kwa hiyo bondeni pale hatukuitana. Tulipiga mluzi. Wanawake waliokwenda kuni walisemezana kwa "we mama" na "we dada". Hata mgeni aliyepitishwa njia ile alionywa mapema, na kama ni mtu wa maneno mengi, alizungushwa njia ya mbali.

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa Magesa. Nilizaliwa watu wakivuna, na jina hilo kwetu ni la mtoto wa mavuno. Ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa Mafuru, ndiye aliyekuwa Bwire, jina la babu wa baba zetu, mtu aliyekuwa na ng'ombe wengi na kauli nzito. Tulikuwa rika moja, tukichunga mbuzi pamoja na kula sahani moja.

Siku moja adhuhuri tulikuwa bondeni, mimi nimetangulia, nikiruka kutoka jiwe hadi jiwe kumfuata beberu mkaidi. Mbele yangu, juu ya jiwe ambalo mguu wangu ulikuwa tayari unalielekea, alikuwa amejikunja swila. Mimi sikumwona. Bwire alimwona. Mluzi haukumtosha. Alinyanyua sauti yake yote.

"Magesa!"

Nilisimama mguu mmoja ukiwa hewani. Swila aliinua kichwa, akanitazama, kisha akateremka taratibu akaingia kwenye ufa. Na mwamba nyuma yetu ukawa unasema, Magesa, gesa, gesa, mpaka ukanyamaza. Tulitazamana. Bwire alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kabla mwezi haujaandama nikashikwa na homa. Leo ningesema ni malaria, na pengine nisingekosea. Wakati huo nilichokisikia ni kuitwa. Nilimwambia bibi kwamba kuna mtu nje anataja jina langu. Bibi akamtazama Bwire, na Bwire akasema yote pale pale, huku analia.

Bibi Nyangeta hakumpiga wala hakumkaripia. Alfajiri alinibeba mgongoni, akamshika Bwire mkono, tukaenda kwenye mwamba. Alichukua maji yaliyokorogwa na unga wa ulezi, akatupaka kifuani. Kisha alifanya jambo ambalo hatukutegemea. Aliugeukia mwamba na kuita kwa nguvu, "Magesa!" Nilipotaka kuitika, alinibana mdomo. Akamfinya Bwire. Bwire akaitika, "Nipo, bibi!" Akaita tena, "Bwire!" Akaniachia mdomo, akaninong'oneza niitike, nami nikaitika kwa sauti iliyonitoka kama ya paka.

"Umesikia?" bibi aliuambia mwamba, kama anavyoongea na jirani aliyeiba kuku. "Magesa ndiye huyu. Anakula, ana mbio, ana meno yote. Mfuate kama unamweza. Huyu mgonjwa ni Bwire, na Bwire hukumwita."

Njiani alituambia masharti. Haya ni majina ya kuazima. Mkiota ndevu mtarudi kule mwambani, mtaitana kila mtu kwa jina lake la kwanza, mrudishiane. Lakini kabla ya siku hiyo, atakayeitikia jina lake la zamani atakuwa amemwonyesha yule wa mwambani alivyodanganywa, na mwenzake hatapona. Akamtazama ndugu yangu hasa alipokuwa akisema hivyo.

Nilipona. Siku chache baadaye nilikuwa ninakimbia.

Tulifika Bunda soko likiwa limechangamka. Magesa alitaka kwanza aone mahali palipokuwa na kiwanda cha kuchambulia pamba, alikobeba marobota akiwa kijana. Aliyatazama mabati kwa dakika kadhaa bila kushuka garini, akasema tu, "Mgongo huu uliachwa hapa." Baadaye tulikula. Nyabise alimchagulia baba yake sato wa kuchemsha bila chumvi, na Magesa alimgeuza samaki yule kwa kidole kama hakimu.

"Huyu hakulala ziwani jana," alisema.

"Baba, kula."

"Nakula. Lakini amelala kwenye friji, na aliota ndoto mbaya. Mtazame macho."

Watu wa meza ya jirani walicheka. Nami nilicheka, na nilifurahi kwamba alikuwa akicheka. Nilianza kudhani kwamba pengine ni matembezi ya kawaida, ya wazee wawili kuaga mabati na mabarabara.

Ndipo Salum akatupeleka kwenye baraza ya nyumba ya babu yake. Sasa ni duka la simu, lakini nguzo za mbao bado ni zile zile, zimelainika kwa migongo ya watu. Magesa aliomba ashuke. Nyabise alimshika upande mmoja, mimi mwingine, tukamkalisha kwenye ukingo wa saruji.

"Hapa ndipo nilikuwaga nimekaa," alisema. "Hapa hapa. Na wewe ulikuwaga umesimama pale."

Salum, ambaye hakujua habari hii, alisema kwa furaha, "Mlishonewa hapa? Babu yangu Hamisi alikuwa hapimi mtu kabla hajamwuliza jina. Analiandika kwa chaki kwenye kitambaa, ndiyo anashika futi."

"Ndiyo," Magesa alisema. "Aliuliza jina."

Ilikuwa hivi. Kabla ya habari ya swila, baba mkubwa Mafuru alikuwa amekwisha kupata nafasi ya shule kwa mwanawe. Nafasi zilikuwa chache siku hizo, na kila boma lilipewa moja. Mwalimu wa shule ile, mtu mkali aliyefundishwa na Wazungu, alikuwa ameambiwa kwamba kutoka boma letu atakuja mtoto aitwaye Bwire. Muhula ulipokaribia, baba mkubwa alituchukua wote wawili mpaka Bunda kununua kaki. Nadhani alitumaini kwamba mbele ya fundi jambo lingejinyoosha lenyewe, bila yeye kumpinga mama yake waziwazi. Ndugu yangu alikuwa amekaa karibu na cherehani, naye fundi Hamisi akamwendea na futi mkononi.

"Wewe ndiye Bwire?"

Ndugu yangu alimtazama baba yake. Baba yake akatazama barabarani. Ndugu yangu akanitazama mimi. Midomo yake ilikuwa imekazwa kama ya mtu anayevuka maji, na nilijua kwa nini: angesema ndiyo, ningekufa.

"Nani basi Bwire, nimpime? Nina kazi nyingine."

Nikasema ni mimi.

Sikudanganya. Kila mtu nyumbani alikuwa akiniita hivyo. Fundi aliandika Bwire kwa chaki kwenye kaki, akanipima kiuno na paja. Jumatatu mwalimu alipoita jina hilo, niliitika nikiwa ndani ya kaptura ile. Baba mkubwa alisema Magesa atakwenda mwakani. Mwaka uliofuata ng'ombe wake waliugua, na Magesa akapelekwa Kiriba kwa wajomba kujifunza kuvua.

Kile alichokipata ziwani akiwa na jina lile sitakipima. Mtumbwi wake ulipinduka zaidi ya mara moja. Alizika watoto aliowapenda. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilichukuliwa na kamba ya nyavu. Watu wa Kiriba hupatwa na mambo kama hayo bila mwamba wowote kuwataja, na mimi nimefundisha watoto wengi kwamba mwangwi ni sauti inayogonga jabali na kurudi, basi. Lakini bibi Nyangeta alipofariki nilikuwa chuoni, tayari nimeota ndevu, na nilipokuja matangani nilipita njia ya mbali, ile wanayozungushwa wageni wa maneno mengi. Miaka yote ya likizo nilipita njia hiyo. Magesa hakuniuliza hata mara moja. Nilijiambia kwamba amesahau, na vyeti vyangu vyote vilikuwa vimekwisha kuandikwa.

Pale barazani Magesa alimpa Salum mkono ili amwinue. "Sasa twende kwetu," alisema.

Tuliiacha barabara kuu tukaingia Butiama. Tulipita sokoni, watu wachache walitutambua wakatusalimu, nasi tukawaitikia kupitia dirishani. Kule nyumbani boma letu halipo tena. Pana shamba la mihogo la mtu mwingine, kijana mwenye adabu aliyetuambia, "Shikamooni wazee, piteni tu." Salum aliweza kulifikisha gari karibu sana na bonde. Tulikwenda hatua zilizobaki polepole, Magesa ameshika bega la binti yake.

Mwamba ni mdogo kuliko ninavyoukumbuka. Ufa bado upo. Majani yameota kwenye njia ya mbuzi.

Magesa alimwomba Nyabise arudi garini akamletee maji. Nyabise alitutazama mmoja mmoja, akaenda. Salum alikuwa mbali, akifuta kioo.

"Mura," ndugu yangu alisema. Hakuniita Mwalimu. "Unajua nilichokuja kutafuta."

"Najua."

"Padri alinibatiza Stefano, na ninamshukuru. Lakini Stefano hana ukoo. Huko ninakokwenda bibi ataniita nani? Mzee Bwire atauliza, huyu ni wa nani? Nitasema mimi ni Magesa, na Magesa si mimi. Nimelibeba vizuri. Sijalitupa. Lakini ni lako."

Nilimwambia jua ni kali. Nilimwambia kuhusu moyo wake, na daktari, na kwamba hapaswi kupaza sauti. Alisikiliza yote.

"Sitapaza mimi. Utapaza wewe. Niite tu."

"Ndugu yangu, tumekwisha kuwa wazee. Hii ni sauti inayogonga jiwe na kurudi. Ni mwangwi tu."

"Kama ni mwangwi tu," alisema, "niite."

Sijui kama msomaji atanielewa. Yalikuwa majina mawili. Nimeita majina mengi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, ya watoto wa Wazanaki, Wajita, Wakurya, Waikizu, na nimejivunia kwamba sikukosea hata moja. Nilisimama mbele ya jabali lile, mtu mzima mwenye wajukuu, na nilijua jinsi lilivyo: nikimwita yeye Bwire, nitakayebaki Magesa ni mimi. Na Magesa alikuwa amekwisha kuitwa. Kwa maisha yangu yote mtu mwingine alikuwa amesimama mahali pale kwa niaba yangu, na sasa, miguu ikiwa imemwisha, aliomba tu apishwe. Nikafungua mdomo.

"Ndugu yangu!" nilipaza sauti.

Mwamba ukaitika, yangu, yangu, yangu.

Magesa alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko chake kile cha Kiriba kinachoanzia tumboni, mpaka akalazimika kukaa juu ya jiwe. "Mwalimu," alisema, akifuta macho. "Mwalimu, umekwepa kama beberu."

"Tutarudi," nilisema. "Upate nafuu kidogo. Mwezi ujao Salum atatuleta."

"Sawa," alisema. "Hakuna neno."

Nyabise alikuja na maji. Magesa alikunywa, akaikung'uta chupa, tukaondoka. Sikumbuki kama tuliongea njiani. Ninachokumbuka ni kwamba tulipokuwa tukikaribia Musoma, taa za kwanza zikiwaka upande wa ziwa, alimgeukia binti yake nyuma, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza sukari:

"Nyabise, nikishaondoka, mtoto wenu yeyote msimpe jina hili. Si la nyumbani kwetu. Ni la watu."

"La watu gani, baba?"

"Mwulize mjomba Salum," alisema, na Salum akaguna, "Eh, mimi tena?" wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake. Niliona kisogo chake na ile mikunjo ya shingo, na ningeweza kusema. Lilikuwa jambo la neno moja. Hapakuwa na mwamba mle garini.

Mwezi uliofuata nilisema mvua ni nyingi, na kweli ilikuwa nyingi. Ule mwingine nilisema mguu wangu unauma. Alinipigia simu mara kwa mara, akaniuliza habari za wajukuu, akanieleza bei ya dagaa, na hakunikumbusha. Nilitamani anikumbushe. Mtu anayekudai kwa kelele unaweza kugombana naye. Yeye alikuwa amenyamaza mbele ya fundi Hamisi akiwa mtoto, na alikuwa akinyamaza bado, kwa sababu ile ile.

Wiki hii nilikwenda mwenyewe. Salum alinipeleka, na sikumweleza chochote. Nilisimama bondeni nikamwita ndugu yangu kwa jina lake, na mwamba ukalirudia vizuri. Kisha nikaita la kwangu, nikajiitikia. Sauti yangu haikuwa kubwa, lakini nilisikika. Nilikwenda pale kwa sababu simu ya Nyabise ilikuwa imekwisha kunifikia, na nilitaka kuandika sentensi inayofuata bila kosa.

Bwire Mafuru, mvuvi wa Kiriba, amefariki dunia Jumatano alfajiri, nyumbani kwa binti yake, Musoma.